Mafuta ya Gari na Daftari la Nyumbani

Ndugu msomaji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hapa Mlowo kama kwingineko nchini, watu wenye magari na pikipiki hutega masikio kusikia jambo moja: bei mpya ya mafuta. Siku hiyo EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, hutangaza bei ya juu kabisa ambayo kituo kinaruhusiwa kumtoza mnunuzi, mji kwa mji. Sisi tulioko nyanda za juu kusini huitazama bei ya Dar es Salaam kwa kijicho kidogo, maana mafuta hushushwa melini pwani, yakapakiwa katika malori, na gharama ya safari hiyo ndefu huongezwa juu ya kila lita tunayonunua. Mwezi Agosti 2022, petroli katika jiji la Dar es Salaam yenyewe ilifika shilingi 3,410 kwa lita, ingawa serikali ilikuwa imekwisha kutoa ruzuku. Huku kwetu ilikuwa ghali zaidi.

Bei hiyo mimi na wewe hatuna uwezo wa kuipunguza hata kwa senti moja. Lakini liko jambo jingine lililo mikononi mwetu kabisa, nalo ni idadi ya lita tunazozinunua. Hilo ndilo ningependa tulizungumze leo.

Shida ya mafuta si ngeni katika barabara yetu hii. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya upande wa kusini. Ndipo malori yalipoanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma, katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Mzigo huo ulipungua mwaka 1968, lilipofunguliwa bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola.

Haikupita miaka mingi, shida ikarudi kwa sura nyingine. Kati ya mwisho wa mwaka 1973 na mwanzo wa mwaka 1974, pipa la mafuta ghafi katika soko la dunia lilipanda kutoka dola kama 3 hadi karibu 12. Katika miaka iliyofuata, wazee wetu wanakumbuka, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri, na watu wakaenda kwa miguu kuwatazama jamaa zao. Marekani nayo, yenye visima vyake yenyewe, iliweka mwaka 1974 kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Maana ya hatua hizo ilikuwa moja: bei ikitushinda, tuyatazame matumizi.

Mali bila daftari

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Gari letu la nyumbani ni dogo, la petroli, lenye gia za mkono, nalo lilikwisha kutumika Ujapani kabla ya kufika kwetu. Hutupeleka Vwawa na Mbeya, humpeleka mgonjwa hospitali, na wakati wa mavuno hubeba magunia ambayo kwa kweli halikuumbwa kuyabeba. Mimi ndiye dereva, lakini daftari la matumizi ya nyumba hulishika mwenzangu, na jioni moja alinifunulia kurasa mbili.

“Baba watoto,” akasema, “mwezi ule tulijaza lita 96. Mwezi huu tumejaza lita 121, na safari ni zile zile.”

“Ni vituo hivi, mama watoto,” nikamjibu. “Vinatupunja.”

“Umejaza katika vituo vitatu. Vyote vitatu vikupunje kwa kiasi kile kile?”

Sikuwa na jibu. Akanionyesha hesabu chini ya ukurasa. Lita 25 za ziada zilikuwa zimemeza zaidi ya shilingi 75,000, na fedha hiyo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya godoro na sanduku la binti yetu aliyekuwa anajiandaa kwenda bweni. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Basi, ndugu msomaji, jambo la kwanza halihitaji fundi wala spana. Jaza tangi hadi pomni, uandike namba iliyo kwenye mita ya kilomita. Tembea kama kawaida yako. Siku utakapojaza tena hadi pomni, andika lita zilizoingia na namba mpya ya kilomita. Toa namba ya kwanza katika ya pili, kisha gawa kwa lita. Ikiwa umekwenda kilomita 400 na zimeingia lita 40, gari lako linakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Usiishie hapo, maana hesabu ya mara moja huweza kudanganya. Fanya hivyo mara tatu au nne, nawe utaijua tabia ya gari lako. Tangu siku hiyo, namba ikishuka utaambiwa na daftari kabla hujaambiwa na mfuko.

Tuchukulie kwa urahisi wa hesabu kwamba lita moja ni shilingi 3,000. Mwenye gari anayekwenda kilomita 1,000 kwa mwezi hununua lita 100 ikiwa gari linakwenda kilomita 10 kwa lita. Likishuka hadi kilomita 8, atanunua lita 125. Tofauti ni shilingi 75,000 kwa mwezi, au shilingi 900,000 kwa mwaka. Anayelima kahawa au mahindi hapa Mbozi na ajiulize mwenyewe fedha hiyo ingemnunulia mifuko mingapi ya mbolea.

Matunzo ya gari

Baada ya kushindwa na daftari, nililipeleka gari kwa fundi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya mparachichi, si mbali na barabara kuu. Hakufungua injini. Alipanda kando yangu, akaniambia niende kilomita chache kwa upole bila kukanyaga breki sana, kisha nisimame. Akazunguka gari, akisogeza kiganja chake karibu na kila ringi. Matatu yalikuwa na uvuguvugu tu. La nyuma kushoto lilikuwa la moto.

“Breki hii inashika wakati wewe hujaikanyaga,” akasema. “Injini yako inavuta gari, na breki inalizuia. Unalipia kazi zote mbili.”

Hili kila mmoja anaweza kulikagua mwenyewe. Gari zuri likiwekwa mahali tambarare bila gia wala breki ya mkono, mtu mmoja mwenye nguvu hulisukuma likaondoka. Likikataa, kuna kitu kinachokamata: breki, au beringi iliyochoka. Ukikagua joto la ringi usilishike moja kwa moja, kwani huweza kukuunguza. Inatosha kusogeza kiganja.

La pili lilikuwa matairi. Tairi lenye upepo mdogo hulala barabarani, nalo huhitaji nguvu zaidi kulizungusha. Wataalamu wa Marekani wanakadiria kwamba kujaza upepo sawasawa peke yake huweza kuokoa hadi asilimia 3 ya mafuta, na isitoshe tairi lenyewe hudumu zaidi. Kipimo sahihi hakipatikani kwa kupiga tairi teke. Kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Katika magari ya Ujapani namba hizo aghalabu ni 200, 220 au 230, kwa kipimo cha kilopaskali, ilhali geji za vituo vyetu husoma kwa paundi. Kumbuka basi kwamba 200 ni kama paundi 29, 220 ni paundi 32, na 230 ni paundi 33. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kuwa likisha kupata moto upepo hupanda na geji itakudanganya.

La tatu ndilo lililonifedhehesha zaidi. Fundi aliniuliza mshale wa joto huchukua muda gani kufika katikati. Nikamwambia siku hizi haufiki kabisa, nami nilidhani hiyo ni heri. Alicheka. Miaka miwili nyuma gari lilikuwa limechemka, na fundi mwingine akaitoa themostati, kile kifaa kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto lake. Nilimsifu kwa werevu wake. Kumbe injini isiyopata joto hudhani ni asubuhi siku zote. Kompyuta ya gari huiongezea petroli kama inavyoongezewa injini iliyotoka kuwashwa, na oili nzito ya baridi huipa kazi zaidi. Huko Dar es Salaam kasoro hiyo huweza kujificha kwa joto la pwani. Hapa kwetu, katika baridi ya Juni na Julai, haijifichi hata kidogo. Gari likichemka, dawa ni kuziba panapovuja, kusafisha rejeta na kutazama feni. Kuitoa themostati ni kama kung'oa mlango kwa sababu kitasa kimekwama.

Yako mengine ambayo nitayataja kwa ufupi. Plagi zilizochakaa na oili isiyobadilishwa kwa wakati, au isiyo ya daraja lililopendekezwa na mtengenezaji, huongeza matumizi. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, na vumbi la barabara ya Kamsamba sote tunalijua, huongeza sana ulaji wa gari la kabureta. Katika gari la kisasa huondoa nguvu zaidi kuliko kuongeza mafuta, lakini dereva aliyepungukiwa nguvu hukanyaga zaidi. Gari la dizeli linalotoa moshi mweusi linatupa mafuta yasiyoungua. Na taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, usiizibe kwa gundi. Huenda ni sensa ya oksijeni katika bomba la moshi, ambayo ikiharibika huweza, katika hali mbaya kabisa, kupandisha matumizi kwa kiasi kikubwa kuliko kasoro nyingine zote nilizozitaja.

Wenye magari ya zamani ya kabureta wanayo sababu yao ya pekee. Uwanda wetu uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika saba. Kabureta iliyorekebishwa pwani itamimina huku petroli nyingi kwa hewa kidogo. Mwambie fundi wa hapa airekebishe kwa hewa ya hapa. Magari yenye kompyuta hujirekebisha yenyewe.

Kwa vijana wa bodaboda, mnyororo mkavu au uliokazwa kupita kiasi ni mwizi wa kwanza, na tairi lenye upepo mdogo ni wa pili.

Mguu wa dereva

Baada ya fundi, linabaki lililo gumu zaidi kutengeneza, nalo ni tabia ya anayeshika usukani. Kila unapokanyaga breki unatupa mwendo ambao umekwisha kuulipia. Tazama barabara yetu ilivyo: kibao cha kilomita 50 kwa saa, kijiji, matuta, kisha mita chache za uhuru, na kibao kingine. Dereva mwenye pupa hukanyaga mafuta kwa nguvu katika uhuru ule mdogo, kisha hukanyaga breki kwa nguvu penye tuta. Dereva mwenye busara huliona tuta mbali, huachia mafuta mapema, na gari hufika likiwa limepungua lenyewe. Hufika Mbeya pamoja, au hupishana kwa dakika chache tu, lakini matangi yao hayalingani.

Mwendo nao una hesabu yake. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, hewa hukuzuia kwa nguvu iliyokaribia kuwa maradufu. Keria iliyoachwa juu ya paa bila mzigo huongeza taabu hiyo hiyo, na vitu vizito vinavyosahauliwa ndani ya buti hulipiwa katika kila mlima.

Usiunguruze gari likiwa limesimama. Injini ndogo ya sisi 1,500 huweza kunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua, na ya lori kubwa hunywa kama lita 3. Wenye malori wanaokaa katika foleni za mpakani Tunduma wanajua uzito wa hesabu hiyo. Nasi wa magari madogo tuna desturi ya kuliacha gari likiunguruma robo saa katika baridi ya asubuhi ili “lipate moto”. Gari la kisasa halihitaji hivyo. Nusu dakika inatosha, kisha uondoke kwa upole, na litapata joto njiani upesi zaidi.

Wako pia wanaouza vidonge, sumaku na dawa za kutia katika tangi wakiahidi kilomita za bure. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa mia moja vya namna hiyo kwa miaka mingi, na halikupata hata kimoja kilichookoa mafuta kwa kiasi kikubwa. Fedha hiyo nunua geji ya upepo.

Usiteremke kwa frii

Liko jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Kabla sijakubali kwenda kwa fundi, nilikuwa nimetafuta njia ya mkato. Nilianza kuteremka milima kwa frii, gia imetolewa, gari likijiendea, nami nikijisifu moyoni kwamba ninakwenda bure.

Siku moja tulikuwa tunakwenda Mbeya, mama watoto kando yangu na watoto wawili nyuma. Katika mteremko wa Senjele nikatoa gia. Mbele yetu palikuwa na semi-trela likishuka polepole. Nikakanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga tena. Mara nikasikia harufu ya kuungua, na pedali ikashuka chini kuliko kawaida yake. Mwenzangu hakusema neno. Alinyoosha mkono nyuma akamshika mtoto mdogo. Nilivuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikalazimisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia, na gari likaja kusimama kando ya barabara. Lori moja lililokuwa nyuma yetu lilisimama, utingo akashuka mbio na jiwe la kukinga tairi. Dereva wake, mtu mzima, alinitazama kwa muda.

“Ndugu yangu,” akasema, “mlima huteremkwa kwa gia ile uliyoupandia.”

Kosa langu lilikuwa la elimu pia. Zamani, gari la kabureta lililoteremka likiwa katika gia liliendelea kuvuta petroli, hivyo aliyeteremka kwa frii aliokoa matone machache, na ndiyo maana ushauri huo umedumu midomoni mwa watu. Lakini gari lenye kompyuta, likiteremka ndani ya gia bila dereva kukanyaga mafuta, hukata petroli kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukilitia frii, injini hubaki peke yake, nayo hapana budi inywe ili isizimike. Kwa hiyo mimi nilikuwa naongeza matumizi kwa kuhatarisha roho za watu wangu. Anayezima injini kabisa ni mbaya zaidi: breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, usukani huwa mzito, na ufunguo ukizungushwa vibaya usukani huweza kujifunga. Mwenye gari la gia za kujiendesha naye asiteremke kwa N. Atumie 2 au L.

Tulipotengeneza breki, tukarudisha themostati na kujaza upepo sawasawa, nami nikaanza kuteremka kwa gia, daftari lilisoma lita 98 mwezi uliofuata. Mama watoto aliandika namba hiyo, akapiga mstari chini yake, asiniambie kitu. Binti yetu alikwenda bweni na godoro lake.

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Kabla ya jua kuchwa, pima upepo wa matairi manne na lile la akiba, usogeze kiganja karibu na ringi zako, na utafute daftari ambalo kurasa zake bado ni nyeupe. Mpe mwenzako alishike. Yeye hana sababu ya kulitetea gari.

Hadi Jumapili ijayo.